Mizigo Miwili ya Mama Neema

Alhamisi. Joto la kufa mtu, feni inazunguka, lakini jasho langu la leo ni la woga. Najijua.

Bi. Rukia anaachishwa kazi Jumamosi. Sababu ni mimi.

Yeye ndiye anayesajili mizigo kwenye ofisi moja ya mtaa wa Gerezani inayosafirisha bidhaa za Kariakoo kwenda mikoani. Miaka yote alitumia daftari. Mwezi huu nikawawekea mfumo wa kompyuta, na tangu siku ya kwanza unamkatalia baadhi ya mizigo. Akibonyeza "hifadhi", yanatokea maandishi mekundu: "Taarifa ulizojaza si sahihi." Foleni inafika nje, wenye maguta, zile baiskeli za kubebea mizigo, wanafoka. Bosi kaona basi, mama wa watu kompyuta imemshinda.

Juzi bosi aliniuliza, "Au ni mfumo wako?" Nikajibu fasta, "Hapana bosi, mfumo uko poa."

Sikuwa nimeangalia hata mstari mmoja.

Nikarudi nyumbani nikalaumu mtandao, nikalaumu seva, nikaizima na kuiwasha. Wapi! Leo asubuhi nikaenda kukaa pembeni ya Bi. Rukia nimtazame akifanya kazi. Hakosei hata herufi. Kaandika: Mama Neema, Mbeya. Mzigo ukapita. Baada ya nusu saa guta likaleta mzigo mwingine wa Mama Neema, Mbeya. Maandishi mekundu.

Nikafungua kompyuta yangu pale pale, nikasoma mistari niliyoiandika mwenyewe.

Fremuweki, ile programu ya msingi niliyojengea mfumo, ina ukaguzi wake wa kawaida, ila huu niliutunga mwenyewe kwenye sehemu inayohifadhi mizigo: jina moja, mkoa mmoja, siku moja, basi mzigo umesajiliwa mara mbili, ukatae. Kwenye majaribio nilijaza majina ya kubuni, kila mtu na mzigo wake mmoja, yote yakapita, nikajiona fundi. Mtoto wa Kariakoo mimi! Nimekua nikiwaona akina mama wa mikoani wanazunguka duka hadi duka, huku vitenge, kule masufuria, na kila duka linatuma mzigo kwa wakati wake. Na nani anaandika jina la kwenye kitambulisho juu ya robota? Ni Mama Neema tu, na kumbe akina Mama Neema wenyewe wako watatu.

Nikabadilisha ukaguzi uangalie namba ya risiti ya kila mzigo badala ya jina. Dakika kumi tu. Bi. Rukia akajaribu tena, mzigo ukapita. Akashusha pumzi, akanishika mkono.

"Nisamehe mwanangu, nimekusumbua. Kumbe kuna mahali nilikuwa nakosea."

Nikasema, "Usijali, mama."

Usijali! Hivi mimi ni mtu wa aina gani?

Naogopa. Bosi atanitimua, na habari zitazagaa Kariakoo nzima kwamba kazi yangu ni ya kubabaisha. Lakini nikinyamaza, yule mama ataondoka akiamini kweli hajui kazi. Kesho, kabla hawajafungua, nitakuwa mlangoni. Nikishawapa shikamoo wote wawili, bosi na Bi. Rukia, sentensi inayofuata ni hii: kosa ni langu.