Picha ya Baba Kando ya Kaburi

Tabora, Jumamosi, Novemba

Mvua kubwa ilinyesha juzi, na hewa ya leo ni ya baridi na harufu ya udongo. Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nimejifungia chumbani hapa Cheyo, na nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Nianze na asubuhi, maana asubuhi ilikuwa nzuri.

Tuliondoka kabla ya mapambazuko, mimi na Baba, yeye akiwa nyuma ya baiskeli, kamera ameipakata kama mtoto. Jumamosi ambazo sifundishi huwa natoka alfajiri kupiga picha za ndege na maua ya porini. Walimu wenzangu hunicheka. Kwao picha ni za harusi. Safari hii Baba mwenyewe aliomba tufuatane. Alitaka twende kwetu.

Kwetu ni kando ya njia ya zamani ya misafara, upande wa kuelekea Tura. Kijiji hakipo tena. Serikali ilituhamisha sote kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Ikasema mbung'o wamezidi, watu wakakae pamoja mahali palipofyekwa. Nyumba zikachomwa. Baadaye tukasikia kwamba pale pamefanywa msitu wa Serikali.

Mama alikuwa amekwisha kufa. Yeye peke yake hakuhamishwa.

Jua lilipochomoza tulikuwa tumefika. Miti ilikuwa imetoa majani mapya, mekundu bado, na chini yake maua ya manjano yalikuwa yamechomoza ardhini hata kabla ya majani yake. Nilipiga picha ya hondohondo juu ya mninga uliokauka. Nilimpata kigong'ota akiwa ameinamisha kichwa, kama anayesikiliza kitu ndani ya gogo. Baba alikuwa akinionyesha kwa kidole, hasemi, asije akawafukuza. Sijamwona na furaha ya namna ile tangu tuhame.

Kaburi tulilitambua kwa mawe yake. Lile ua jekundu lenye kingo za manjano, linalopanda kwa kujishikiza kwa ncha za majani, lilikuwa limetambaa juu ya mawe yote. Hakuna aliyelipanda. Baba alivua kofia. Kisha akafunga vifungo vya koti mpaka shingoni, akasimama wima kama aliyeitwa mbele ya Bwana Shauri wa wilaya, akaniambia nimpige picha pale pale.

Nikampiga. Halafu akachutama, akachimba kwa kisu chake kiazi kimoja cha ua lile. Alitaka kukipanda hapa nyumbani, karibu na mlango.

Ndipo Josefu alipotokea.

Josefu ni mtoto wa shangazi Yustina, dada yake Baba. Alilelewa nyumbani kwetu. Mama ndiye aliyemfulia nguo za shule, na siku ya mazishi yeye alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Siku hizi ni mlinzi wa msitu, na kaptula yake ya kaki ilikuwa imepigwa pasi vizuri.

"Shikamoo, mjomba," alisema.

Baba aliitikia kwa furaha kabisa, akamuuliza habari za watoto. Josefu akajibu kwamba wazima. Kisha akasema mahali pale pamefungwa. Haruhusiwi mtu kuingia bila kibali cha Bwana Miti, Mzungu mkuu wa misitu, wala kuchimba, wala kupiga picha. Huyo Mzungu alikuwa amepiga hema karibu, na angeweza kufika wakati wowote.

Baba alidhani anatania.

"Nimekuja kumwamkia aliyekulea," alimwambia.

Josefu hakumtazama. Alikitoa kile kiazi mkononi mwa Baba, akakitupa vichakani. Halafu akanyoosha mkono kwangu akitaka kamera, nami nikampa.

"Nakusaidia, kaka," alisema. "Nikiipeleka kambini hutaiona tena, na huko shuleni utaulizwa."

Akafungua mgongo wa kamera, akauvuta mkanda wa picha wote mpaka ukaning'inia juani. Kisha akaukunja vizuri, akamkabidhi Baba, na kamera akanirudishia.

Alitusindikiza mpaka njiani. Alisukuma hata baiskeli kwenye mchanga.

Lazima niandike na hili, kwa sababu ndilo linalonichoma zaidi. Wakati Josefu anaifungua kamera, neno pekee lililonitoka ni kumwomba asiivunje. Mzazi wangu alikuwa amesimama pale kando ya kaburi la mkewe, mikono imejaa udongo, na mimi nikaitetea kamera.

Nimejaribu kumchukia yule Mzungu wa hemani. Sikumwona, na chuki haimpati. Ilitosha tu awepo karibu; kazi yake ilifanywa na mtu aliyekula sahani moja na mimi. Na Josefu naye ana watoto, ana kazi anayoiogopea, hilo nalijua. Kulijua hakunipunguzii kitu.

Alasiri shangazi Yustina alikuja na kuku. Habari ilikuwa imemfikia. Alilia, akamwomba kaka yake asiliweke moyoni, akasema kijana amebanwa na kazi. Baba alimpokea vizuri, akamkalisha, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanao aliniamkia vizuri, Yustina," alisema. "Mwambie nyumbani kwangu asije kuniamkia tena."

Shangazi aliondoka akiwa amejitanda khanga usoni. Kuku alimwacha uani; hakuna aliyethubutu kumwambia amrudishe. Hao ni watu waliozaliwa tumbo moja, na nadhani leo nimeona wakiachana.

Alipokwisha kwenda, Baba alitia mkono ndani ya koti, akautoa ule mkanda. Alikuwa ameufunga kwenye leso yake. Akanipa kwa mikono miwili, taratibu, asiukunje.

"Jumatatu umpelekee Mhindi wa duka la picha," alisema. "Kile kiazi si kitu, kitaota hata huko alikokitupa. Ile picha ndiyo ninayoitaka."

Nilimtazama usoni. Hajui. Anadhani picha zimo humo, zimekaa salama, na Josefu alizitoa tu ndani ya kamera. Hajui kwamba jua lilipougusa mkanda ule lilimfuta yeye, na koti lake, na ua juu ya mawe.

Nilimjibu kwamba nitaupeleka.

Amelala sasa, namsikia akikoroma, usingizi wa mtu anayengojea kitu chake. Jumatatu itafika, na nitarudi kutoka dukani. Nitamwambia nini?