Fungu la Parc

Jumatatu, tarehe 2 Septemba
Nimeosha gari, nimefika parking ya taksi mapema. Hakuna dereva aliyekuwa anapakia. Wote wanazungumzia tangazo. Mwaka huu, mtu akilipia vignette, ile karatasi ya kodi tunayobandika kwenye kioo, ataongeza fungu la pesa la kulinda parc, ile hifadhi ya gorila, na wanyama wake. Asiyetaka atakataa palepale kwenye dirisha la malipo.

Mulume, dereva mwenzangu, amesema: "Gorila alipanda taksi yangu siku gani?"

Nimecheka na wengine. Kisha nikaacha. Mwanangu Aksanti alikuwa mlinzi wa parc hiyo. Alipigwa risasi humo mwaka jana.

Jumanne, tarehe 3
Abiria wachache. Nimemkumbuka Aksanti akianika buti juu ya gari hili. Alizinunua mwenyewe. Za kazi hazikufika.

Alhamisi, tarehe 5
Mulume amekuja nyumbani. Jumamosi kuna mkutano wa madereva pale parking. Wanataka wote tukatae, na mimi niseme wa kwanza.

"Papa Aksanti, wewe ukisema parc ilikula mutoto wako, hakuna mutu atalipa."

Nimekasirika. Sikuonyesha. Mulume alibeba jeneza la Aksanti, upande wa mbele.

Mke wangu alisikia yote. Ameniambia tu: "Mutoto wangu usimupeleke parking."

Ijumaa, tarehe 6
Nimepeleka abiria Mudaka, kwenda na kurudi. Sina hamu ya kula. Naogopa kesho.

Jumamosi, tarehe 7
Nimesimama. Nimesema parc haikumuua Aksanti. Watu wenye bunduki ndio waliomuua, naye alikwenda kuwazuia akiwa amevaa buti zilizotoboka. Kila mtu akatae kama anataka. Ila asikatae kwa jina la mwanangu. Mimi nitalipa.

Halafu Mulume: "Basi, papa, umetuacha."

Imeniuma sana. Karibu wote wameinua mikono kukataa.

Jumatatu, tarehe 9
Nimekwenda kulipia vignette. Binti wa dirishani ameuliza bila kuinua macho: "Papa, ya parc unatoa ao unakataa?"

Nimesema natoa. Nilidhani nitalia. Sikulia.

Parking hawakuniitikia salamu. Nimekwenda kununua mkate, mvua ikaanza, na kioo cha nyuma cha gari langu nilikuwa nimekiacha wazi. Mulume ametoka mbio kwenye gari lake, amekipandisha, amerudi amelowa.

Bado hajanisalimia.