Swali Lililochelewa Kumfikia Kaliza

Biryogo, Kigali,
22 Novemba 1992

Mpendwa Shangazi Mukeshimana,

Asalaam alaykum, na shikamoo. U hali gani huko Ujiji? Miguu imepunguza kuuma? Sisi huku wazima wa mwili tu. Vitambaa vimeadimika kwa sababu ya vita vya kaskazini, ila cherehani bado inazunguka, alhamdulillahi.

Shangazi, nakuandikia habari ya mdogo wangu Kaliza. Unajua alivyo tangu utoto: hamtazami mtu usoni, makelele humfanya azibe masikio, na neno huchelewa kumtoka, lakini likitoka limenyooka. Mwaka huu walikuja wasomi wa chuo kikuu wakasema hali hiyo ina jina, kwa Kifaransa otisimu, nao wanaifanyia utafiti. Mama alilia kwa furaha kusikia kwamba si jini wala laana.

Basi wakawa wanakuja. Walimwuliza mama, wakaniuliza mimi, hata jirani wakamwuliza. Kaliza, mwanamke mzima, ameketi palepale akitia vifungo. Siku moja akaweka sindano chini.

"Mbona mimi hamniulizi? Niko hapa."

Mmoja wao, kijana anayeitwa Cassien, aliona haya. Akaahidi kumpeleka chuoni aketi na wakubwa wake, awaambie yanayofaa kuulizwa.

Kaliza alijishonea gauni la kijani. Nilikwenda naye. Lo, Shangazi! Hakupewa hata kiti. Walimsimamisha mbele ya wanafunzi, na mkubwa wao akawa anamwonyesha kwa fimbo, mara macho, mara mikono, kama ng'ombe wa mnadani. Kaliza akajikaza: "Taa hii inaniumiza. Nataka kuwaambia..."

Yule mkubwa akatabasamu. "Mgonjwa hajui ugonjwa wake," akasema, akaendelea na somo. Wanafunzi wakacheka. Cassien aliinamisha kichwa. Nikamshika Kaliza mkono tukatoka.

Tangu siku hiyo hajatamka neno. Si kwa mama, si kwangu. Tumemsomea dua, tumembembeleza, wapi! Sindano haishiki tena. Gauni lile amelichana vipande.

Juzi Cassien alirudi peke yake. Safari hii hakumgeukia mtu mwingine. Aliketi mkekani mbele yake, akamwuliza kwa upole: "Dada Kaliza, wewe ungependa tujue nini?"

Akangoja mpaka chai ikapoa. Kaliza alitazama ukuta tu. Mwishowe Cassien alifuta macho, akatoa kalamu, akaandika neno moja. Nilimwuliza ameandika nini.

"Hazungumzi," akanijibu. "Nitaandika nini kingine, kaka?"

Hilo ndilo litakalosomwa chuoni, Shangazi. Sauti yake tuliyoizoea humu ndani hakuna atakayejua kwamba ilikuwapo. Mama haulizi tena kitu, na mimi sina wa kumlilia ila wewe.

Nisalimie mzee Nduwayo, na Ingabire na wanawe. Mola akulinde huko uliko, nasi atufungulie mlango ambao macho yetu hayauoni.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye hata katika huzuni,
Usumani