Nyimbo Ulizonitoa Kinywani

Kilole, Korogwe
14 Oktoba 2003

Mpendwa mjukuu wangu Kaleb,

Marahaba, ingawa shikamoo yako bado haijafika. Hujambo huko Arusha? Mkeo Naitoi hajambo? Na yule mdogo, kifua kimepona? Mimi mzima. Goti linauma, mahindi yanangoja mvua, mbuzi amezaa pacha. Mungu ashukuriwe.

Siku zote nakuita mume wangu. Leo nimeandika Kaleb, basi ujue nina hasira. Naandika kwa mkono wangu, leo siku ya tatu. Sikumpa mtu aniandikie, maana maneno haya siyataki kinywani mwa mwingine.

Ulipokuja mwezi wa nane kufunga ile kompyuta ya kanisa na mashine yake ya kumulika maneno ukutani, nilijivuna. Niliwaambia watu, huyo mjukuu wangu, anajua nyaya. Nikakaa kwenye benchi nakutazama unaunga deki ya video, unaunga spika, ule waya mnene wa kompyuta unaukaza kwa skrubu zake mbili. Ukataka kitambaa cheupe cha kutundika ukutani. Nikakupa shuka langu, nikalipiga pasi mwenyewe.

Mchana ukaja jikoni. "Bibi, nitajie nyimbo zako zote niziandike, wanangu wazijue." Nikakutajia siku nne, ugali ukaungua. Nikakupa hata zile nilizopokea kwa mama yangu Handeni kabla sijaolewa huku, zenye ubeti wa mwisho ambao kitabuni haumo. Wewe unaandika, unakunywa chai yangu.

Kumbe! Jumapili nasimama mahali pangu mbele, kama nilivyosimama miaka thelathini na moja. Kazi yangu unaijua: nataja mstari, kanisa linauimba, nataja mwingine. Wazee wengi hapa hawasomi. Nafungua mdomo, watu wameshaanza kuimba! Nageuka, maneno yangu yako kwenye shuka langu. Mchungaji Simeo anatabasamu, "Mama Agripina, sasa pumzika, mjukuu wako amekusaidia." Watu wakapiga makofi. Na wewe ulipiga. Nilikuona.

Mchungaji mwenyewe ameniambia mlipatana kabla hujapanda basi kuja huku. Sasa si ungesema tu? Ungesema, "Bibi, kanisa linataka maneno ukutani," ningekugombeza kidogo, halafu ningekutajia. Lakini wewe ukapitia kwa wanao. Kunidanganya kwa vitukuu vyangu, Kaleb, umejifunza wapi? Kwangu hapana.

Tangu siku hiyo nakaa nyuma na Grasiana, yule rafiki yangu wa Ngombezi, mjane wa mkata mkonge. Grasiana hajui a wala be. Nyimbo zote anaziimba kwa kunifuata mimi. Sasa anautazama ukuta kama mtu aliyekuta duka limefungwa. Vijana wanaimba, sisi tunatikisa vichwa.

Jumapili ya kwanza ya mwezi huu vijana walionyesha video, kisha wakataka kurudi kwenye kompyuta kwa ajili ya wimbo. Wakachomoa, wakachomeka. Wimbo ukaanza, mara ukuta ukawa bluu. Bluu tupu, hakuna hata neno. Watu wakakatika katikati ya ubeti, kanisa zima likanigeukia mimi. Mchungaji akasema, "Mama, tutajie basi."

Nikamjibu, "Liombe shuka likutajie." Wapo waliocheka.

Grasiana hakucheka. Alinishika mkono, akaniuliza polepole, "Mwenzangu, na mimi nimekukosea nini?"

Sikutaja hata mstari mmoja mpaka maneno yao yakarudi ukutani. Nimemnyima mwenzangu wimbo, tena mbele ya madhabahu, kwa hasira niliyokuwa nayo juu yako. Langu nimeliungama. Lako bado.

Alhamisi nikaenda Ngombezi, kule kwenye nyumba za kambi ya mkonge, nikamwomba Grasiana radhi. Nikamtajia ule wimbo uliokatika, mstari kwa mstari, akaimba hadi majirani wakaja. Jumapili hii iliyopita tulikuwa wanawake saba uani kwake. Mchungaji ametuma ujumbe kwamba nagawa kanisa. Nimemrudishia: kanisa limeshagawanyika, wanaosoma mbele, wasiosoma nyuma, ageuke atazame.

Mimi mashine yako siichukii. Ibaki, watoto wasome. Ninachotaka ni uje mwenyewe. Usitume kitenge, usimtume mama yako kunibembeleza. Usimame mbele ya watu useme kwamba maneno yale uliyatoa kwa bibi yako kwa uongo. Kisha umwombe Mchungaji nitaje mstari kwanza, ukuta unifuate. Ukifanya hivyo, mimi na wale wenzangu tutarudi siku hiyo hiyo. Usipokuja, tunaendelea Ngombezi, na Mungu anatusikia kule kule.

Nisalimie Naitoi na watoto, na mjomba wako Rehani ukimwona. Mama yako anakusalimu. Habari ya barua hii hana. Grasiana naye anakusalimu, anasema ameshakusamehe. Yeye ni mtu mwepesi. Mimi si mwepesi, unanijua.

Mungu akulinde njiani, maana nakuhesabu uko njiani.

Bibi yako, anayekupenda hata kwa hasira hii,

Agripina Mhina