Macho Mekundu kwenye Jalada

Tufaha, umeliona gazeti la sinema la mwezi huu? Limefika hapa Itetemia leo, limetundikwa kibandani. Jalada zima ni mimi. Mimi!

Ile filamu si nilicheza bibi anayemsinga bibi harusi, namsugua manukato mwilini, nacheka mwanzo mpaka mwisho? Na picha walinipiga nikicheka.

Sasa cheko wamelifuta. Kanga yangu wameigeuza nyeusi. Na macho wameyapaka rangi, mekundu, Tufaha. Mekundu!

Nimempigia simu huyo Thuwaini aliyelitengeneza jalada. Hata shikamoo hakutoa. "Bibi, wanunuzi wetu ni vijana. Bibi anayecheka wanampita. Wakiona macho mekundu wanasimama."

Nikamwambia, mjukuu wangu, huku kwetu bibi mwenye macho mekundu anaitwa mchawi. Kuna waliokatwa mapanga, na macho yao yaliharibiwa na moshi wa kuni tu.

Akacheka! "Bibi, hilo ni jalada tu."

Jalada tu! Anauza gazeti kwa uso wangu, halafu mtaani nibaki nao mimi. Unajua nimevumilia mengi. Hili sivumilii.

Asubuhi nilimpelekea jirani yangu Zuwena maandazi, kama kila Ijumaa. Sahani yangu huwa hairudi tupu, hata ndimu mbili ataweka. Leo imerudi jioni. Kaiweka kizingitini, hata hodi hakubisha. Maandazi yangu yote sita yamo.

Njoo kesho mchana. Tukae barazani tuyale, mimi na wewe, watu wote wakituona.