Mfuko Umefungwa, Cletus, na Mate Yako Yamo Ndani

Cletus, mjukuu wangu, mwaka umezunguka tangu tukulaze kwenye udongo wa Inyonga, na Jumatano iliyopita Aneth, mhudumu wa afya wa kitongoji chetu, kaniletea habari yako. Nilikuwa napepeta karanga. Nikaketi kwanza, maana habari zako nimezipokea mara nyingi nikiwa nimesimama, na miguu imechoka.

Ulikuwa ukiniita mke wangu, kama wajukuu wa kiume wanavyowaita bibi zao, lakini wewe ulizidisha. "Mke wangu, leo umenipikia nini?" Nami najibu, "Mume gani harudi na kuni?" Kesho yake nazikuta kuni mlangoni, umezipasua ndogo ndogo kwa ajili ya mikono yangu.

Ulikuwa mtu wa nyuki. Ulijua kila mzinga uko mti gani porini. Sega la kwanza hukulila wala hukuliuza, uliwakatia watoto wa jirani. Baiskeli yako ilibeba wagonjwa wengi kuliko ilivyobeba ndoo za asali. Hata ukilewa ulikuwa na adabu. Siku moja ulimkanyaga mbuzi, ukasimama unamwomba msamaha mpaka majirani wakacheka. Nilicheka na mimi. Leo sijui kwa nini nilicheka.

Maana pombe hii ya gongo haikuanza na wewe. Ilianza na babu yako, ikamchukua. Ikaja kwa baba yako, ikamchukua. Wengine wakasema nyumba imerogwa, wengine wakasema mimi ndiye nisiyejua kulea. Tumbo lako lilipoanza kujaa maji, namna ya kukugeuza kitandani nilikuwa naijua tayari.

Ndipo wakaja wale watu wa utafiti. Walikuwa wanazunguka vijijini wakitafuta nyumba kama yetu, ambazo ulevi umetoka kwa baba ukaenda kwa mwana. Walisema wanataka kuchunguza vinasaba, yaani yale mtu anayopewa na wazazi wake kabla hata hajapewa jina. Waone kama humo kuna kitu kinachomfanya huyu aonje na kuacha, na yule aonje asiweze kuacha. Hawakutaka damu. Walitaka mate. Wakakupa kichupa utemee.

Mdomo ulikuwa umekukauka kwa dawa. Ulikaa na kichupa kile tangu chai ya asubuhi mpaka jua la saa sita. Nikakwambia, "Mume wangu, mimi nilikutemea mate ya baraka siku uliyozaliwa, mbona sikuhangaika hivi?" Ukacheka, na katika kucheka mate yakatoka. Ukafunga kifuniko mwenyewe, ukasema, "Bibi, wakileta majibu, wa kwanza kusomewa awe Silvesta."

Siku hiyo hukuniita mke wangu. Ndiyo maana neno hilo nimelishika.

Silvesta ni mdogo wako, ndiye mwanaume pekee aliyebaki nyumba hii. Ulipoondoka alikuwa ameshaanza kuonja. Sasa ana miezi minane hajagusa. Kila jioni namnusa mdomo akipita, kama nilivyokuwa nakunusa wewe. Anajua. Anainama kidogo ili nimfikie. Tumeishi hivyo, tukisubiri majibu yako.

Basi Aneth akasema, "Bibi Lusia, wamepiga simu. Mfuko umefungwa."

Nikamwambia, "Afadhali. Mate ya watu yasije yakamwagika njiani."

Aneth hakucheka. Akachukua ungo wangu akaanza kupepeta yeye. "Siyo mfuko wa kubebea, bibi. Ni mfuko wa pesa za utafiti. Waliokuwa wanatoa huko nje wameacha. Vichupa vimewekwa kwenye barafu mjini mpaka apatikane mwingine wa kugharamia visomwe."

"Atapatikana lini?"

"Hawakusema."

"Na wewe uliwauliza?"

"Niliwauliza, bibi. Mara tatu."

Kusubiri mimi nimekuzoea. Nimesubiri mvua, nimesubiri wanaume wa nyumba hii warudi. Lakini kumsubiri mtu nisiyemjua afungue mfuko nisiouona, huko ni kusubiri kwingine. Wewe uko udongoni, Cletus, mate yako yapo kwenye barafu ya watu, na neno uliloniachia sijui nilifikishe vipi.

Silvesta alikuwa nyuma ya ukuta ananoa panga. Akatokea. "Nyie, mnazungumza kama mko msibani. Bibi, hebu niambie. Majibu yangesema na mimi ninacho hicho kitu cha babu, ningefanyaje?"

"Usinywe," nikasema.

"Na yangesema sina?"

Nikamtazama Aneth. Aneth akatazama karanga.

"Usinywe," nikasema.

"Basi nimeshasomewa." Akachukua kamba na ndoo, akaenda kukagua mizinga yako.

Usidhani nimeridhika, mjukuu wangu. Nyumba kama yetu ziko nyingi huku, na wenye uwezo nawaomba waujaze tena ule mfuko. Ulihangaika asubuhi nzima kwa ajili ya mate yale. Na mimi nina langu. Nataka nijue kabla sijakufuata kama ilikuwa damu, au kweli ni mimi nisiyejua kulea.

Leo tumekusalia kwenye kanisa la kigango, tumekula, wageni wametawanyika. Wanaokukumbuka ni mimi bibi yako, Lusia. Shangazi yako Doto, aliyekufulia mashuka mpaka siku ya mwisho. Mjomba wako Zefania, anayeendesha baiskeli yako na bado anaiita ya Cletus. Aneth, ambaye si ndugu lakini aliuliza mara tatu. Na mdogo wako Silvesta. Mfuko ufunguliwe usifunguliwe, mume wangu, wewe hutatutoka moyoni.

Asubuhi hii Silvesta alirudi kutoka porini na sega la kwanza la mzinga wako, akawakatia watoto wa jirani. Sasa kajilaza kwenye mkeka, viatu miguuni, jua bado lipo juu ya paa. Leo ni mimi niliyeinama ili nimfikie. Ananuka asali na moshi. Hakushtuka. Amelala.