Pono Aliyezoea Mkate

Tarehe 4 Machi

Kwa binti yangu mhifadhi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, goti tu linaleta ukorofi. Mwandiko huu ni wangu mwenyewe, sijaandikiwa na mtu. Hujambo wewe? Na wajukuu zangu?

Vijana wako wa hifadhi wamenifuata baharini wakanipokonya mkate mbele ya wageni! Eti kuna tangazo linalokataza kulisha samaki. Mimi! Mgeni akishuka tu hotelini anauliza, yuko wapi Mzee wa Pono? Nikigonga maji, yule pono mkubwa anakuja mkononi kwangu kama mbwa. Ananipenda kuliko wakwe zangu wote. Bila mkate nitawaonyesha nini, mvi? Waambie waniache.

Baba yako, nahodha asiye na mpinzani

Tarehe 10 Machi

Baba, shikamoo.

Sisi wazima. Dawa ya goti nimempa dereva wa hoteli akuletee, ujipake.

Lile tangazo la mkate nimelitia sahihi mimi. Kazi ya pono ni kukwangua majani yanayoota juu ya matumbawe. Akishiba mkate hakwangui, na matumbawe yanafunikwa mpaka yanakufa. Ulipokuwa peke yako haikuwa neno. Sasa hoteli zimejaa pwani nzima na kila mashua inakuiga. Nikikuachia wewe, nitamzuia nani? Ukikamatwa tena itabidi nikufutie kibali cha mashua. Usinifikishe huko, Baba.

Mwanao

Tarehe 14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Dawa imefika, inanuka.

Kwa hiyo unasema anafuata mkate, siyo mimi? Haya. Kesho naingia na wageni bila hata chembe. Akija, utabandua tangazo lako mwenyewe, na mimi nikuangalie.

Baba yako

Tarehe 2 Aprili

Baba, shikamoo.

Kimya chako kinanitisha. Mpishi wa hoteli anasema mashua imelala mchangani na wewe hutoki ndani. Unakula? Sikuulizi habari za pono. Nakuulizia wewe.

Mwanao

Tarehe 9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nakula, usinitumie watu na mabakuli.

Alikuja. Akanusa vidole, akazunguka kidogo, akaenda zake. Wageni wakacheka. Nikawaambia leo anaumwa.

Juzi nikarudi peke yangu kwenda kumtukana. Nikamkuta anatafuna jiwe! Krr, krr, kama mtu anayekwangua sufuria. Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia, maana nilikuwa nagonga maji na kupiga domo.

Sasa wageni nawaambia wazamishe vichwa, wafunge midomo, wasikilize. Wanaibuka macho yamewatoka. Waulize kama kuna nahodha mwingine anayeweza kuwanyamazisha watu wale.

Jumapili njoo. Usivae sare. Najua unaogelea kuliko mimi, lakini tukiingia majini nitakushika mkono. Usinibishie.

Baba yako